Sukari Iliyobaki Kwenye Kimea: Angalia Kwanza Usagaji

Ukitengeneza bia nyumbani kwa kimea kitupu, bila dondoo (sharubati ya kimea iliyotengenezwa tayari), na haidromita, kile kifaa cha kupima sukari iliyoyeyuka kwenye maji, ikakuonyesha maji mepesi kuliko ulivyokusudia, usikimbilie kuongeza kimea. Piga hesabu kwanza. Kilo 5 za kimea cheupe zikitoa sukari yake yote katika lita 25, utasoma karibu 1.060 (maji matupu husoma 1.000). Ukipata 1.045, umevuna asilimia 75 ya sukari, na hiyo si haba. Ukiwa chini ya 1.040, kuna mahali sukari imekwama. Pima maji yakiwa yamepoa hadi nyuzi 20, maana yakiwa moto haidromita husoma pungufu.

Kwa uzoefu wangu, mara nyingi tatizo liko kwenye usagaji. Tandaza konzi ya kimea kilichosagwa juu ya karatasi nyeupe ukitazame vizuri. Ukiona punje nzima, hata chache, kinu chako kimeachia mno. Maji hayaufikii wanga uliomo ndani ya punje hizo. Mimi huanza na nafasi ya milimita 1 hivi kati ya rola, kisha naibana kidogo kidogo. Unachotaka ni kiini kilichovunjika vipande vipande na ganda lililopasuka bila kusagika, kwa sababu maganda ndiyo chujio lako. Yakiwa unga, maji yatagoma kupita.

Kuna njia ninayoipenda sana: nyunyizia kimea maji kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, changanya kwa mikono, subiri dakika 10, ndipo usage. Ganda hulainika, hivyo unaweza kubana rola zaidi na bado likabaki zima. Anayeloweka kimea ndani ya mfuko wa kitambaa hana haja ya kuhangaika hivyo. Asage laini tu.

Ukishamwaga kimea kwenye maji, koroga mpaka mabonge yote yavunjike, kwani ndani ya bonge huwa mna unga mkavu kabisa. Joto likae kati ya nyuzi 65 na 68. Saa moja kwa kawaida inatosha, ila iodini inasema kweli kuliko saa: weka tone la maji yale, bila vipande vya ganda, kwenye kisahani cheupe, udondoshee iodini. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, haujageuka sukari, endelea kusubiri. pH nayo, yaani kipimo cha uchachu, iwe kati ya 5.2 na 5.6, kimea cheupe kwenye maji yenye alkali nyingi huipandisha, na asidi ya laktiki kidogo huirudisha.

Kusuuza, yaani kumwagia kimea maji moto ili kutoa sukari iliyobaki, kunataka subira. Gawa maji ya kusuuzia mara mbili, koroga kila mara, acha yatulie, kisha fungua bomba kidogo tu. Yasizidi nyuzi 77. Yanayotoka yakishuka hadi 1.010, funga. Vijisukari vilivyobaki humo vinakuja na tanini, ile kemikali ya maganda inayokausha ulimi, na mimi siwezi kuivumilia bia yenye ukakasi kwa ajili ya asilimia mbili tatu za ziada.