Uliza Gereji: Gari Likifunguliwa Linazaa

Mwezi huu barua nyingi ni za ujenzi. Nadhani ni kwa sababu masika yamepita na watu wameanza kufyatua matofali. Nimechukua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenye barua anakaribia kufanya kosa lilelile nililofanya mimi.

Shikamoo Mzee. Mwishoni mwa mwaka nastaafu ualimu. Nina uwanja nje kidogo ya mji wa Iringa, Land Rover ya 1964, pikapu ya Peugeot 404, Beetle niliyoachiwa na baba mkwe, na pikipiki nne: BSA Bantam, Honda mbili na Vespa. Nataka kujenga gereji kubwa nyumbani ili nizifufue zote, moja baada ya nyingine. Fundi wa ujenzi anasema mita nane kwa sita zinatosha magari matatu. Je, ni kweli? Na nichimbe shimo la kufanyia kazi chini ya gari au ninunue lifti ya kuliinua? – Mwalimu, Iringa

Marahaba, Mwalimu. Fundi wako hajakosea hesabu. Magari hayo matatu yataingia humo, yatapangana kama dagaa kwenye karai, na mlango utafungwa. Shida itaanza Jumatatu utakapoingia na spana mkononi.

Gari likifunguliwa linazaa. Hiyo 404 yako (gari zuri, liliposhinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Tanzania) ikiwa nzima ni kitu kimoja. Siku utakayoifungua una milango ukutani, boneti, viti, injini kwenye stendi, giaboksi chini ya meza, tangi, ekseli, na kioo cha mbele ambacho kila mtoto anayeingia anataka kukiegemea. Kwa uzoefu wangu gari moja lililofunguliwa linakula nafasi ya magari mawili na nusu. Kwa hiyo jenga kwa hesabu ya gari moja lililofunguliwa na mawili yanayosubiri zamu yake.

Mimi ningekwenda mita 12 kwa 9. Mita 12 za upana zinakupa nafasi tatu za mita tatu na nusu kila moja, na mita moja na nusu inabaki pembeni kwa meza ya kazi na mtu anayesimama mbele yake. Kwenye kina cha mita 9, Land Rover inachukua karibu nne na nusu. Nyuma yake pikipiki zinapangwa kwa safu, kila moja ukiipa mita moja ya upana na mbili na nusu za urefu, na bado unapita na toroli bila kugonga vioo. Kama fedha haitoshi, mwaga msingi wote sasa, ezeka nusu. Msingi wa kuongeza baadaye haushikani vizuri na wa zamani.

Sasa mlango. Banda langu la kwanza hapa Tanga nililijenga 1989, na mlango niliupa futi sita na nusu kwa sababu nilikuwa nimepata mbao za kipimo hicho. Mtu akaniletea Land Rover kutoka shamba la mkonge, imechoka, springi zimelala kama godoro la bweni. Iliingia, kati ya paa lake na linta ukipita mkono tu. Nikaifanyia kazi miezi kumi na moja. Chesisi, breki, bodi, springi mpya za pleti nyuma na mbele. Siku ya kukabidhi, mwenyewe amekuja na familia na kamera, tukaisukuma, paa likagonga linta. Springi mpya zilikuwa zimeinyanyua. Tukatoa upepo matairi yote manne, haikupita. Tukapandisha watu wanane ndani, wakiwemo mama mkwe wake na mimi, ndipo ikapita huku ikikwaruza rangi niliyoipiga wiki hiyohiyo. Mlango wako uwe mita tatu kwenda juu na mita tatu upana. Usimsikilize mtu.

Sakafu ndiyo gereji yenyewe. Kuta na bati ni mwavuli tu. Shindilia kifusi kwa tabaka, mwaga mchanga, tandaza nailoni nene yote bila kuacha upenyo (bila hiyo unyevu utapanda na kutua kwenye kila kipande cha chuma ulichokilaza chini), weka wavu wa chuma ulionyanyuliwa kwa vipande vya matofali ili ubaki katikati ya zege, halafu zege la ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Unene sentimita 15. Kwa mita 12 kwa 9 hiyo ni zege la mita za ujazo 16 na kidogo, yaani mifuko 100 ya saruji na kitu. Ukishusha unene kuwa sentimita 10 unaokoa mifuko kama 35, na watakushawishi ufanye hivyo. Kataa. Jeki ya tani tatu inasimama kwenye magurudumu manne madogo kuliko kifundo cha mkono, na uzito wa upande mzima wa gari unashukia hapo.

Gawa sakafu kwa mikato kila baada ya mita tatu au nne ili zege likisinyaa lipasuke ulipotaka wewe. Mwagilia maji siku saba, asubuhi na jioni, na usitoboe tundu la bolti ya lifti kabla ya siku 28. Mteremko kidogo kuelekea mlangoni ni mzuri kwa maji ya kuoshea, ila nafasi ya lifti na ya stendi za jeki iwe tambarare kabisa. Na tafadhali, usipige niru, ule uji wa saruji wa kulainisha sakafu. Niru inang'aa siku ya kuhamia. Ikishapata oili inateleza kama ganda la ndizi, na nyundo ya kwanza ikianguka inabanduka kama ukoko. Piga rangi ya sakafu ya kijivu hafifu. Ukidondosha skrubu ya kabureta ya Bantam utanikumbuka.

Shimo au lifti? Nilikuwa na shimo. Mvua za El Niño za 1997 zililijaza hadi ngazi ya tatu na vyura wakahamia na familia zao. Iringa kuko juu, pengine maji hayatakusumbua, lakini hoja yangu kubwa ni nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatulia shimoni, na wewe husikii harufu yake kichwa chako kikiwa juu. Halafu wewe unashuka na taa ya waya. Nimeona shimo likiwaka mara moja, kwa jirani, na aliyekuwa ndani alitoka na nyusi zimeungua. Alikuwa na bahati mno. Nunua lifti ya nguzo mbili, ya mtumba ikibidi, lakini kabla ya kutoa fedha soma kibao cha mota: kama ni ya umeme wa fezi tatu na nyumba yako ina fezi moja, umenunua nguzo za goli. Land Rover ina karibu mita mbili kwenda juu, lifti inainua karibu mita mbili kasoro, kwa hiyo kenchi zianze juu ya mita nne.

Jambo la mwisho ni la huko kwenu. Usiku wa Juni na Julai bati la Iringa linapoa, unyevu wa ndani unagandamana chini yake, na alfajiri linadondosha matone. Utakuta madoa ya kutu kwenye tangi ulilolipiga msasa jana. Acha upenyo wa hewa chini ya paa pande zote mbili, weka waya wa kuzuia panya, na weka dari japo ya bei nafuu. Panya nimewataja makusudi. Waya za magari ya zamani zimevikwa kitambaa, na kwao hicho ni kitanda na chakula.

Na chukua kibali cha ujenzi halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Mita 12 kwa 9 huwezi kuificha.

Mzee, natengeneza Volkswagen na Vespa nyumbani Mombasa. Kila nikipiga rangi inatoka vipele vidogo, ingawa nasafisha vizuri. Kompresa ni mpya, nimeisambazia hewa ukutani kwa mabomba ya plastiki ya maji. Kosa liko wapi? – Fundi wa Likoni

Kosa la rangi ni maji, na kosa la mabomba linaweza kukuumiza, basi tuanze na hilo. Mabomba ya plastiki magumu ya maji hayafai kubeba hewa iliyobanwa. Maji yakipasua bomba yanamwagika. Hewa ikilipasua, bomba linarukia watu kwa vipande vyenye ncha. Yang'oe wiki hii. Tumia bomba la chuma au mpira maalumu wa kompresa.

Sasa vipele. Hewa yetu ya pwani imejaa maji. Kompresa inaibana, inapata joto, na ikipoa njiani maji yanajitenga na kukimbilia kwenye bunduki ya rangi. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni. Mara ya kwanza utashangaa utakachokiona, maji ya rangi ya chai ya rangi. Bomba la ukutani lipe mteremko kuelekea mwisho wenye koki ya kutolea maji, na kila tawi la kushuka lianzie juu ya bomba kuu, lipinde, ndipo lishuke. Ukitoboa upande wa chini, unayakaribisha maji moja kwa moja. Kichujio cha maji kiweke karibu na unapopigia rangi, mbali na kompresa, kwa sababu hewa ikiwa bado ya moto kichujio hakikamati kitu.

Na piga rangi asubuhi upepo haujaamka. Kusi ikishaanza kuvuma na chumvi, funga bunduki ukanywe kahawa.

Shikamoo Babu. Mume wangu amenunua pikipiki tano za zamani, hakuna inayowaka. Sasa anataka kujenga gereji iliyoungana na jiko ili "apate chai karibu". Inataka kuwa kubwa kuliko sebule. Tuna watoto wawili wadogo. Nimkubalie? – Mama Wawili, Moshi

Marahaba, mwanangu. Ukubwa mkubalie, jiko umkatalie.

Injini inayowaka ndani inatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu aliyelala bila kumwamsha. Mlango wa gereji ukifunguka jikoni au chumbani, hewa hiyo nayo inapita. Upande wa pili, mtungi wako wa gesi na madumu yake ya petroli havipaswi kujuana. Banda lisimame peke yake, mita kadhaa kutoka nyumbani, na petroli ikae kwenye chombo chake chenye mfuniko, nje ya banda. Akichomelea, asiondoke nusu saa nzima baada ya cheche ya mwisho, kwa sababu moto wa gereji hupenda kuanza mtu akishakwenda kunawa.

Kuna lingine ambalo hatakwambia. Viatu vya breki na sahani za klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake halionekani na linaharibu mapafu polepole, miaka mingi baadaye. Asilipulize kwa kompresa wala kulifagia kavu. Alilowanishe kwa maji ya sabuni, alifute kwa kitambaa, akifunge kwenye mfuko na kukitupa. Ovaroli ya kazi hiyo isichanganywe na nguo za watoto, na wewe usiikung'ute.

Kuhusu pikipiki tano: mwambie Babu amesema awashe moja kwanza, uwanjani, mbele yako, ndipo matofali yaagizwe.

Hujambo mzee. Nimerithi BSA ya babu yangu hapa Nakuru. Nina boksi zima la spana nzuri, lakini hakuna inayokaa sawa kwenye nati. Ya 14 inacheza, ya 13 haiingii. Nimeshaharibu nati mbili. Ninunue spana ya kurekebisha? – Mjukuu

Sijambo, mjukuu. Hiyo ya kurekebisha iache, itakula nati zilizobaki.

Babu yako alikuachia pikipiki ya Kiingereza ya enzi za Whitworth, vipimo vya zamani vya bolti na nati vya Waingereza. Spana zako zimeandikwa upana wa kichwa cha nati: 13 ni milimita 13 kutoka ukingo hadi ukingo. Spana ya Whitworth inaandikwa unene wa bolti yenyewe, kwa sehemu za inchi. Ndiyo maana ukiona imeandikwa 1/4 halafu ukaipima kinywa kwa rula utadhani kiwanda kilikosea, maana inakaribia milimita 13 na nusu. Na hapo ndipo ile ya 13 yako inapokwama au kulazimishwa. Tafuta seti moja ya Whitworth. Kwa mafundi wazee wa reli na wa mashamba zipo, zina kutu juu na chuma kizuri ndani. Ziloweke kwenye dizeli usiku kucha.

Ukishazipata zipe droo yake, na uipake rangi. Yangu ni nyekundu. Nina droo ya milimita kwa Honda na Beetle, ya inchi kwa Land Rover, na hiyo nyekundu. Kijana wangu wa kazi alipochanganya mara ya kwanza alishinda alasiri nzima sakafuni akizipanga upya, moja moja, na nati mkononi. Hajarudia.