Kulazwa kituoni kwa ajili ya uraibu wa pombe: majibu kwa wasomaji wawili

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 41 na kwa muda mrefu nimekunywa pombe kila siku. Nikiamka mikono hutetemeka, wala haitulii mpaka nipate glasi ya kwanza. Nimekubali kulazwa katika kituo cha tiba ya uraibu kwa siku 28, na nafasi yangu itapatikana baada ya wiki mbili. Naona haya kuwauliza watu wa karibu. Huko ndani hufanywa nini hasa? Nitafungiwa? Na je, si vyema niache pombe leo hii ili nifike kituoni nikiwa mkavu?

JIBU: Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari. Usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Huko kutetemeka kwa asubuhi kunaonyesha kwamba ubongo wako umezoea kufanya kazi huku pombe ikiupooza, na umejiongezea msisimko ili kushindana na upoozaji huo. Pombe ikikatika, msisimko hubaki bila kizuizi. Ndani ya muda wa saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho, mtu huanza kutoka jasho, kusikia kichefuchefu, kujawa na wasiwasi na kukosa usingizi. Katika siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kwa degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi, yaani kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwapo, joto la mwili na presha kupanda. Hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Watu huiogopa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa ulichouzoea, ya dawa za kulevya na kuidharau ya pombe, ilhali hii ya pombe ni miongoni mwa zile zinazoondoa uhai.

Kwa hiyo, wiki hizi mbili muone daktari, umtajie kiasi unachokunywa kwa kweli na si kile unachomwambia mkeo, kisha umwachie yeye aamue kama upunguze kidogo kidogo au usubiri. Vilevile, kiulize kituo chako maswali mawili kabla hujalipa chochote: nani hukesha usiku na wagonjwa wapya, na dawa gani huwapa? Vipo vituo vyema vya ushauri ambavyo havina daktari wala muuguzi, na hilo si kosa, ila mtu wa hali yako anapaswa kupitisha siku za mwanzo hospitalini ndipo ahamie huko. Kituo kinachokujibu kwamba utavumilia tu, kama walivyovumilia wengine, kiepuke.

Pakiwa na huduma kamili, siku ya kwanza utapimwa presha, damu na ini, utaulizwa magonjwa mengine na dawa unazotumia, na mizigo yako itapekuliwa hadi manukato na dawa ya kusukutua kinywa, kwa sababu baadhi yake zina alkoholi. Usione umedhalilishwa, kila anayeingia hupekuliwa hivyo hivyo. Muuguzi atakupitia kila baada ya saa chache. Kwa kawaida hutolewa dawa ya kutuliza neva, kama vile diazepamu, kwa kiwango kinachopunguzwa siku hadi siku kwa takriban wiki moja, pamoja na vitamini B1, ambayo mara nyingi hudungwa kwa sindano, kwani wanywaji wa muda mrefu huipungukiwa sana na upungufu huo huweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja.

Kuhusu kufungiwa: anayeingia kwa hiari yake kwa kawaida huweza kuondoka kwa hiari yake, ingawa simu huwekwa ofisini siku za mwanzo na wageni huja kwa ratiba. Siku yenyewe hufanana na ile iliyotangulia: kuamka kwa saa maalumu, kutandika kitanda, zamu ya usafi au jikoni, kikao cha kundi, somo kuhusu uraibu, na mara chache kwa wiki kikao cha faragha na mshauri nasaha. Utachoka kwa kuchoshwa, nami naona uchovu huo una kazi yake, kwani wengi walikunywa ili wasikae na saa tupu. Katika kundi hakuna atakayekulazimisha kusimulia yote siku ya kwanza. Sikiliza, na usishangae ukisikia habari zako zikitoka kinywani mwa mtu usiyemjua. Na mshauri wako atataka mfuatilie pamoja kilichotangulia kila glasi, kama ni ugomvi, mshahara, upweke au rafiki fulani, na mtakubaliana utafanya nini siku hali hiyo itakaporudi.

Vituo vingi hufuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, umoja wa wanywaji wanaosaidiana kuacha pombe, ulioanzishwa Marekani mwaka 1935 na Bill Wilson pamoja na Dk. Bob Smith. Hatua hizo hutaja nguvu iliyo juu ya mwanadamu. Kama hilo linakutatiza, sema mapema, kwani zipo njia nyingine.

Jihadhari na wiki ya pili. Mwili umepata nafuu, chakula kina ladha, na mtu hujiona amepona; hapo ndipo wengine hufunga mizigo. Siku 28 ni utaratibu ulioenea kutoka Marekani, haukupimwa kwa kasi ya ubongo kupona, na usingizi na moyo mzito huweza kusumbua kwa miezi. Kabla hujatoka, uliza kuhusu dawa za kusaidia kutokunywa, yaani naltreksoni, akamprosato na disulfiramu. Nashangaa jinsi zinavyosahaulika, hali akamprosato na naltreksoni zina ushahidi mzuri.

SWALI: Mume wangu yumo kituoni wiki ya tatu, nami nimeitwa kwenye kikao cha familia. Naogopa nitamkasirisha. Akirudi nifanyeje, na akinywa tena ina maana tumepoteza fedha bure?

JIBU: Dada yangu, nenda. Mshauri atakuwepo, na yale uliyoyameza kwa miaka mingi yana mahali pake pale, mradi uyaseme kwa matukio, usiyaseme kwa matusi. Wewe pia una haki ya kusaidiwa. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni umoja wa jamaa za wanywaji, na unaweza kujiunga hata kama mnywaji mwenyewe amekataa tiba.

Pombe yote itoke nyumbani kabla hajarudi, ikiwemo ya wageni. Tarehe ya kikao chake cha kwanza cha nje ijulikane kabla hajatoka kituoni. Akinywa, mpigie mshauri siku hiyo hiyo, maana kurudia ni kawaida katika ugonjwa huu na huonyesha kwamba mpango wa tiba unahitaji kurekebishwa. Ila akiwa amekunywa mfululizo kwa siku kadhaa kisha akaacha, usimfungie chumbani mpaka atulie. Mpeleke hospitali, kwa hatari nilizomweleza ndugu wa kwanza.

Jambo moja hukuliuliza, lakini wake wengi hushauriwa na majirani: usimtilie disulfiramu kwenye chakula kwa siri. Anayeitumia akinywa pombe uso humuiva, hutapika, moyo humwenda mbio na presha huweza kushuka vibaya, na asiyejua amepewa hawezi kujikinga. Nguvu yake huweza kubaki mwilini hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho.