Kabla Hujaigusa Picha ya Bibi, Soma Yaliyonipata

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji ambaye amerithi sanduku la bati lililojaa picha za wazazi wa mama yake, watu walioishi maisha yao yote katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Aliandika kwa furaha kwamba ameshapata mtu wa kuzifunika picha zote kwa laminesheni, yaani plastiki inayogandishwa kwa moto, ili zisiharibike kamwe, na akaniomba nimshauri namna ya kuzipanga baada ya kazi hiyo. Nilimjibu usiku uleule nikimsihi asubiri, kwa sababu kosa alilokaribia kulifanya nililifanya mimi miaka 14 iliyopita, na mpaka leo sijalisahau wala sijaachwa nilisahau.

Bibi yangu alipofariki, vitu vyake nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndimi mjukuu niliyekuwa nikikaa naye jioni na kumuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Ndani ya kasha la mbao mlikuwa na picha yake ya harusi, picha ya watoto wa shule waliopangwa safu tatu, picha ya babu akiwa kando ya mkokoteni siku ya mavuno, barua chache, kipande cha gazeti, na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa kabla sijazaliwa. Nilivipenda vitu hivyo mno, na mapenzi hayo ndiyo yaliyovidhuru. Nilinunua albamu yenye kurasa za gundi zilizofunikwa kwa plastiki, nikazibandika picha moja baada ya nyingine, kisha barua ya mwisho ya babu nikaipeleka ikatiwe laminesheni. Ndugu walikuja kutazama, wakanisifu, nami nikajiona mtunza hazina wa ukoo mzima.

Miaka sita baadaye gundi ilikuwa imegeuka manjano na kukauka kama utomvu, na barua ya babu ilikuwa imetokwa na madoa ya kahawia ambayo sikuweza kuyafikia kwa sababu plastiki ilishikamana na karatasi kwa moto. Niliingiwa na hofu, nikajaribu kuibandua picha ya harusi kwa kucha. Ilipasuka tabaka la juu, na sehemu iliyobaki kwenye gundi ilikuwa uso wa bibi, kuanzia kidevu hadi jicho la kushoto. Niliyempelekea aitengeneze alimchorea kwa kompyuta uso laini wa mwanamke nisiyemjua, na karatasi ya nyuma, iliyokuwa na mwandiko wa bibi mwenyewe, aliikata akaitupa. Shangazi yangu aliniambia mbele ya watu kwamba mama yake amekufa mara mbili, na mara ya pili ameuawa na mimi. Maneno yale bado yananiuma, ingawa najua yalitoka kwa mtu aliyefiwa.

Baadaye ndipo nilipoanza kujifunza nilichokuwa nacho mkononi. Picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe za karne ya 20 ni chembechembe za fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Hufura ikipata maji, hunata ikipata joto na unyevu, na kuvu huila. Joto la mashine ya laminesheni na gundi yake ni adui wa utando huo, tena ni adui asiyeweza kuondolewa. Wahifadhi wa nyaraka wana kanuni ambayo laiti ningeifahamu mapema: usiifanyie picha jambo lolote lisiloweza kutenguliwa. Ukishika hilo peke yake, mengine mengi yatajipanga. Usigundishe, usipige pini, usibandike selotepu, usiandike kwa kalamu ya wino. Jina liandike kwa penseli laini upande wa nyuma, pembeni, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu ili mkandamizo usitokeze mbele. Picha iliyokwama kwenye kioo cha fremu iache hapohapo na uiskani pamoja na kioo chake.

Kasha lenyewe nalo lina hatari zake. Kipande cha gazeti nilichokiacha juu ya picha ya wanafunzi kiliipaka alama ya mraba wa kahawia, kwa sababu karatasi ya gazeti hutengeneza asidi inapozeeka. Tenga magazeti na picha, na kila picha uiweke katika bahasha ya karatasi isiyo na asidi au mfuko wa poliesta, kamwe si plastiki laini ya PVC. Filamu hasi (negativu, zile za kusafishia picha) zenye harufu ya siki zitenge na vingine vyote, kwa maana zinaoza na mvuke wake huambukiza jirani zake. Na zile zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 huenda zikawa za nitrati, aina ya plastiki ya zamani ambayo huwaka kwa ukali sana, kwa hiyo zitoe nyumbani na umtafute mtaalamu wa hifadhi. Weka kasha katika chumba cha ndani chenye ubaridi, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, mbali na dari na mbali na sakafu.

Kuhusu kuskani sitasema mengi. Nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha za kawaida, picha ndogo zipe 1200, hifadhi katika faili la TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, na uskani pia upande wa nyuma. Anza na picha za rangi, kwa kuwa rangi zake hufifia hata gizani. Kisha uwe na nakala tatu, katika vyombo vya kuhifadhia faili vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba yako. Lakini tuache kujidanganya kwamba nakala ya kompyuta inatupa ruhusa ya kutupa karatasi. Anayetupa picha halisi baada ya kuiskani anafanya jambo lisiloweza kutenguliwa, sawa na nilivyofanya mimi.

Mwezi uliopita bomba lilipasuka nyumbani kwa shangazi yuleyule, na picha 43 zikalowa zikiwa zimeshikana kama matofali. Alinipigia simu mimi. Nilimwambia asizipangue kwa nguvu, asizianike juani, asizipanguse, bali azizamishe katika beseni la maji safi ya baridi mpaka nifike. Tulikaa sakafuni kwa muda wa saa saba, tukizitenganisha ndani ya maji zilipoachia zenyewe na kuzilaza juu ya vitambaa, uso ukitazama juu. Na zile tulizoona hatutazimaliza kabla ya siku mbili kupita tuliziwekea karatasi ya nta katikati, tukazitia kwenye friza, kwani kuvu huanza upesi. Picha 41 zilipona. Mbili zilizopotea zilichapwa kwa printa ya nyumbani, na wino wake ulitiririka wote. Ninajivunia kazi ile kuliko sifa zote nilizopewa kwa ajili ya albamu. Zilipokauka, shangazi alinitajia majina, nami nikayaandika kwa penseli. Hakutaja picha ya harusi, wala mimi sikuitaja.

Msomaji wangu ameahirisha laminesheni. Jana aliuliza afanye nini na vitu visivyo picha, kwa maana sandukuni mna mkasi na kufuli. Nilimwambia asivisugue ving'are, avifute vumbi tu kwa kitambaa kikavu akiwa amevaa glavu, kwa sababu jasho la vidole huleta kutu, kisha avifungie kwa uzi wa pamba kikaratasi chenye maelezo. Ufunguo wa bibi upo mezani ninapoandika haya. Kikaratasi chake kinasema: mlango wa nyuma, uliotazama kisima; ulifunguliwa kwa kuuinua kidogo.