Mume wangu amefungwa hogo

SWALI: Mume wangu amevunjika mguu chini ya goti, ana hogo (plasta ngumu ya kushika mfupa) wiki ya pili sasa. Vidole vinavimba, anawashwa, na ngazi za nyumbani zinanitia hofu. Nimsaidieje?
Mke, Majengo, Moshi

JIBU: Pole dada, na shemeji mpe pole. Uvimbe hupungua mguu ukiwa juu kuliko moyo. Alale chali, umpangie mito miwili mitatu chini ya mguu, kisigino kibaki hewani. Achezeshe vidole mara kwa mara. Bonyeza ukucha wa kidole gumba hadi uwe mweupe, kisha achia: wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi.

Maumivu yakizidi licha ya dawa, au vidole vikiwa vya baridi au vikifa ganzi, usisubiri kukuche. Damu haipiti vizuri, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Mwahi hospitali usiku huohuo.

Akiwashwa, asiingize njiti wala spoku. Akichubuka, kidonda kitaoza humo bila kuonekana.

Ngazi: akipanda, mguu mzima hutangulia, kisha mguu mgonjwa na magongo. Akishuka, magongo na mguu mgonjwa kwanza. Wewe kaa upande wa chini daima: akipanda uwe nyuma yake, akishuka uwe mbele. Kagua raba za magongo, maana zikilika huteleza kwenye sakafu yenye maji.

Kwa chakula cha kujenga mfupa, dagaa, mayai na maziwa vinamtosha. Sigara, kama anavuta, aache kabisa. Huchelewesha mfupa kuunga.