Mwalimu, usiibandike hiyo ramani: mpaka usio na mwaka unaharibu Historia na Jiografia kwa mpigo mmoja

Hapana. Usiibandike.

Umesema Jumatatu darasa la nne hapo Mbozi linaanza mada ya mkoa wetu, umepata atlasi ya zamani yenye Mkoa wa Mbeya, unataka kuikuza kwa fotokopi, ukate upande wa magharibi ubaki na Songwe, kisha watoto wakariri wilaya. Umeuliza pia wazee gani waalikwe kusimulia historia, na mada itengewe vipindi vingapi. Hayo mengine tuyaache kwa leo. Kwanza weka mkasi chini.

Unakata kwa kufuata mstari gani? Mkoa wa Songwe ulianzishwa Januari 2016. Atlasi iliyochapwa kabla ya hapo inaonyesha Wilaya ya Chunya ikiwa nzima, wakati Wilaya ya Songwe, yenye makao makuu Mkwajuni, imemegwa kutoka humohumo Chunya. Kwa hiyo mstari unaoutafuta haumo kwenye hiyo karatasi. Ukikata kwa kufuata mpaka wa nje wa wilaya za zamani za Mbozi na Ileje, umetengeneza mkoa usio na Mkwajuni wala ukanda wa mashariki wa Ziwa Rukwa. Na kama atlasi ni ya kabla ya 2012, hata Momba huioni, imo bado ndani ya Mbozi. Watoto watakariri wilaya nne huku ukutani kuna mbili. Anayekaa dawati la mbele ataligundua kabla yako, amini.

Sasa niwaseme kidogo wauza notisi za stationery, maana wao ndio wanaowaingiza walimu mkenge. Mtu kafungua faili la Mbeya, kafuta neno Mbeya, kaweka Songwe kila mahali, kachapa, anauza. Matokeo yake Songwe imepewa Mlima Rungwe, mpunga wa Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa! Songwe haigusi Ziwa Nyasa popote. Kyela iko Mbeya. Halafu unasoma humo kwamba Wajerumani walitawala "Mkoa wa Songwe". Mkoa ambao haujazaliwa ulitawaliwaje? Sema "eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe". Ni maneno mengi, sawa, chaki itaisha haraka, lakini mtoto wa miaka kumi hatabaki na picha ya mkuu wa mkoa wa Kijerumani ofisini Vwawa, makao makuu ya mkoa. Na wale wawezeshaji wa semina wanaosema "ramani ni ramani tu, muhimu mtoto achore", hao sina la kuwaambia hadharani, humu kuna watoto wanasoma.

Sheria ni moja: hakuna mpaka unaochorwa darasani bila mwaka wake kuandikwa pembeni. Mwaka wa kuchapwa kwa kitabu hautoshi, andika mwaka wa mpaka wenyewe.

Songwe ni mfano mzuri kuliko mikoa mingi, kwa sababu pande zake zina umri tofauti. Mpaka wa kusini, na nchi zinazoitwa leo Malawi na Zambia, chimbuko lake ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890. Mpaka wa magharibi na Rukwa ni wa 1974, Rukwa ilipoundwa kwa kuchukua sehemu za Mbeya na Tabora. Mpaka wa mashariki na Mbeya ni wa 2016. Mpe mtoto penseli tatu za rangi, kila upande rangi yake na mwaka wake. Hapo historia na jiografia zimeingia kwenye kipindi kimoja, na maswali watauliza wenyewe: kwa nini wa kusini ni mkongwe hivyo? Nani alikaa akauchora, na Wanyamwanga wa pande zote mbili za Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, waliulizwa?

Jaribu kuyatoa maswali hayo kwenye orodha ya wilaya za kukariri.

Mwaka ukikosekana, hata takwimu zinageuka uongo. Sensa ya 2012 iliipa Mbeya watu 2,707,410. Sensa ya 2022 ikaipa 2,343,754. Ukiziandika ubaoni hivyohivyo, darasa zima litahitimisha kwamba watu wa Mbeya wamekimbia. Hawajakimbia. Mwaka 2012 hesabu ya Mbeya ilikuwa na Songwe ndani yake. Mwaka 2022 Songwe imehesabiwa peke yake, watu 1,344,687. Jumlisha mbili hizo uone eneo lilelile lilivyoongezeka. Ni zoezi zuri la hisabati pia, kama mwalimu wa hisabati hatalalamika kuingiliwa.

Kuna mitego mingine ambayo jina linaitega. Mito inayoitwa Songwe ni miwili: mmoja unaingia Ziwa Nyasa na ndio mpaka na Malawi, mwingine unaelekea kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Ukichora mmoja tu, mtoto atayaunganisha maziwa yote mawili kwa mto mmoja unaotiririka kwenda pande mbili. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya. Kimondo cha Mbozi kiko Songwe, ingawa vitabu vya zamani vinakiweka Mbeya, na kwa mwaka wao vilikuwa sahihi. Kuhusu uzito utakuta notisi moja tani 12 nyingine 16, yote ni makadirio, usimkosoe mtoto kwa hilo.

Wa mikoa mingine msicheke. Manyara ilitoka Arusha 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni za 2012. Nenda kaangalie Hifadhi ya Katavi imeandikwa mkoa gani kwenye chati iliyoko ofisini kwenu.

Fotokopi sasa. Kitufe cha kutoka A4 kwenda A3 hukuza urefu hadi asilimia 141. Skeli ya uwiano iliyoandikwa 1:1,000,000 inabaki imeandikwa vilevile, lakini ramani yenyewe imekuwa kama 1:709,000. Sehemu mbili zilizoachana kilomita 50 zilikuwa na sentimita 5 kati yake; kwenye A3 zina 7.05. Mtoto anapima vizuri, anazidisha vizuri, anapata kilomita 70.5, halafu wewe unamwekea alama ya kosa. Skeli ya mstari, ile iliyochorwa kama rula, haina shida hiyo kwa sababu inakua pamoja na ramani. Kama lazima ukuze kwa mashine, futa ile ya uwiano, acha ya mstari.

Bora zaidi kuza kwa miraba. Tafuta ramani ya mwaka 2016 au baadaye. Za sensa ya 2022 kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu zinafaa, au nenda idara ya ardhi ya halmashauri yenu. Ikiwa ni ya 1:1,000,000, piga miraba ya sentimita 2 juu yake kwa penseli, kisha miraba ya sentimita 5 kwenye karatasi ya manila. Umekuza mara mbili na nusu, skeli mpya ni 1:400,000, sentimita moja ni kilomita nne, na mkoa mzima unaenea kwenye manila moja. Nakili mraba mmoja mmoja. Usianze na mpaka! Anza na mito, milima na Ziwa Rukwa, tena ufukwe wa Rukwa uchore kwa nukta, maana maji ya ziwa hilo hupanda na kushuka na ufukwe unahama.

Mpaka hauchorwi kwenye manila kabisa. Chukua nailoni angavu, ile ya kufunikia vitabu, kata vipande vitatu vya ukubwa wa manila. Cha kwanza: mpaka wa 2016 na wilaya zake. Cha pili: Mkoa wa Mbeya ulivyokuwa kabla ya hapo, sehemu inayoenea kwenye manila. Cha tatu: barabara kuu, miji, na reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975. Kila nailoni iandikwe mwaka wake kwenye kona ya juu kulia, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la nyuma.

Nailoni huteleza, na zikiteleza sentimita moja tu umehamisha Tunduma kilomita nne, mpaka Zambia. Kwa hiyo weka alama tatu za msalaba kwenye manila na kwenye kila nailoni: Tunduma, Mkwajuni na Mbeya mjini. Zimekaa pembetatu pana, hivyo nailoni haizunguki. Ufukwe wa ziwa usiutumie kama alama, sababu nimeshaitaja. Tumia kalamu ya wino wa kudumu, ukikosea futa kwa pamba yenye spiriti, maji hayatoi kitu. Acha wino ukauke kabisa kabla ya kupanga moja juu ya nyingine, la sivyo mpaka wa 2016 unajichapa kwenye nailoni ya zamani na umerudi kulekule.

Na hiyo atlasi usiitupe. Ndiyo utakayoinakili kwenye nailoni ya pili. Ikuze kwa miraba vilevile, ila angalia kwanza skeli yake ni ipi, kama si 1:1,000,000 badilisha ukubwa wa miraba.