Fedha ya palizi ishikwe na nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu anayebeti agawe vipi mtaji wake ili asifilisike? Nilifundisha hisabati sekondari hadi nilipostaafu na kurudi Tandahimba kwenye mikorosho, na jibu la kimahesabu ninalijua: dau la kila mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi, lisizidi asilimia moja au mbili ya mtaji, na mtaji wenyewe uwe fedha ambayo ikipotea hakuna atakayelala njaa. Lakini mimi ninauliza ni nani anayezishika fedha ambazo si mtaji, kwa sababu kanuni hiyo nilimfundisha mpwa wangu mwenyewe, naye akafilisika.

Msimu ule, malipo ya korosho yalipoingia benki, alikuja kwangu na shilingi 600,000. “Shikamoo, mjomba. Kubeti siwezi kuacha, ila nisaidie yasinikute ya mwaka jana.” Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wako, sikuweza kumfukuza. Tulitenga 250,000 za nyumbani, 250,000 za palizi na kupulizia dawa tukazitia kwenye bahasha, na 100,000 za mtaji zilizogawanywa katika madau 50 ya shilingi 2,000. Nikampa daftari aandike kila dau.

Aliandika kwa uaminifu, na ndiyo maana ninaweza kusimulia. Mikeka 11 ya kwanza ilichanika yote, jambo lisilo la ajabu kwa mtu anayeunganisha mechi kumi: hata kama kila timu ina nafasi sita katika kumi za kushinda, zote kumi kushinda pamoja ni kama mara sita tu katika elfu. Zikabaki 78,000. Hapo akaiacha mikeka mirefu, akaanza kuweka mechi moja moja inayolipa mara mbili ya dau, na kila aliposhindwa alizidisha dau mara mbili ili arudishe yote: 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000. Zote zikaenda. Dau la sita lilitakiwa kuwa 64,000, naye alikuwa na 16,000, basi akafungua bahasha ya palizi na kuchukua 48,000.

Akashinda. Jioni hiyo alileta nyama nyumbani kwa dada yangu, na mimi nilikula. Nilipolipitia daftari baadaye ndipo nilipoona kwamba madau sita yenye jumla ya 126,000 yalirudisha 128,000, yaani faida ya 2,000, ambayo kodi inayokatwa kwenye ushindi iliimaliza na kuzidi. Lakini tayari alikuwa amejifunza kwamba bahasha inafunguka na kwamba kuifungua kunaokoa. Ninaamini kwamba laiti angeshindwa siku ile, angeogopa. Kabla ya Aprili bahasha ilikuwa tupu, mikorosho ikabaki ndani ya nyasi, na maua yalipotoka hapakuwa na fedha ya kupulizia; ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ukayamaliza. Alivuna magunia mawili.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kupanga mtaji ni udanganyifu mtupu, na hisabati iko upande wangu. Mwaka 1956 John Kelly wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, alionyesha jinsi ya kukadiria dau kulingana na ubora wa nafasi yako. Kwa mchezaji ambaye malipo yamepangwa chini ya nafasi yake halisi ya kushinda, kama kampuni za kubeti zinavyofanya kwa kawaida, kanuni hiyo hiyo inatoa dau la sifuri. Kugawa madau madogo hakugeuzi hasara kuwa faida, kunaichelewesha tu.

Hata hivyo nikimfikiria mpwa wangu ninaona kucheleweshwa huko kulikuwa na thamani: kwa 2,000 kila mara angefika Aprili na palizi yake mkononi. Kwa hiyo jibu langu, kwa kijana ambaye hataacha, ni kwamba agawe kama mlivyouliza, asizidishe dau kamwe, na fedha za shamba zitoke mikononi mwake siku ile ile ya malipo. Mwaka huu yeye amezikabidhi kwa mama yake, na wapaliliaji wamelipwa nusu mapema. Bado anaweka 1,000 kila Jumamosi. Sijamkataza, na sina uhakika kama ninafanya vema, kwa maana mama yake ni mpole na kijana anajua kuomba.

Mwalimu mstaafu, Tandahimba