Sirius tatu juu ya paa

Usiku wa kwanza nilielekeza darubini yangu kwenye nyota Sirius, nikaona Sirius tatu. Nilikuwa nimeng'oa vioo vya milimita 114 kwenye darubini tatu kuukuu, nikavipanga pembetatu juu ya plaiwudi, kila kimoja na skrubu tatu zenye springi. Hesabu yangu: vioo vitatu, mwanga mara tatu.

Ukiwa na wazo kama hilo, kabla ya kushika bisibisi shika futi. Elekeza kila kioo kwenye mnara wa simu wa mbali, sogeza karatasi mpaka taswira ikaze, upime umbali wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi karatasi. Vyangu vyote viliandikwa milimita 900. Kimoja kilipungua milimita 8. Kioo kama hicho, hata ukikisogeza vipi, nyota ya katikati italala juu ya mwenzake, za pembeni zitakataa.

Kisha funika viwili kwa kadibodi, shughulika na kimoja. Taratibu, maana kioo kikiinama digrii 1 mwanga unageuka digrii 2. Mimi nilizungusha skrubu zote ovyo, saa mbili nzima sijui nyota ipi ya kioo kipi. Mwanzoni mwa 2022 vipande 18 vya kioo cha James Webb, darubini ya angani, viliionyesha nyota HD 84406 kama nukta 18 zilizotapakaa. Wahandisi walisogeza kipande kimoja kimoja wakitazama nukta ipi inacheza.

Sasa kilichoniuma. Nyota zikishalaliana, mng'ao unajumlika, lakini ukali wa picha unabaki wa kioo kimoja. Ili viwe kioo kimoja kikubwa, lazima vilingane kwa sehemu ndogo ya wimbi la mwanga, na la kijani lina urefu wa nanomita 550 hivi, yaani mikromita 0.55. Nondo ya mita moja ikipoa nyuzi 1 tu, hupungua mikromita kama 12: mawimbi ishirini na ushei! Kila darubini ya Keck kule Hawaii, yenye kioo cha vipande 36, ina vihisio kingoni na mota zinazorekebisha usiku kucha. Mimi nina plaiwudi.

Waige watu wa H.E.S.S., darubini za Namibia zinazowinda mionzi ya gamma. Darubini zao nne za mwanzo zina vioo vya duara vipatavyo 380 kila moja, na hawahangaiki na wimbi. Wanataka mwanga wote uangukie mahali pamoja, basi. Kamera ya pembeni hupiga picha ya nyota iliyoangukia kwenye kifuniko cha kamera kuu, mota zinavuta kila kioo mpaka kilenge. Hilo hata skrubu inaliweza.

Siku hizi kila skrubu ina nati ya pili ya kuikaza, na darubini naitoa nje ipoe saa nzima kabla ya kugusa chochote. Kilimia naitazama kwa ukuzaji mdogo. Nyota bado zinavutika kidogo, kwa kuwa kila kioo kimeinamia katikati, lakini sasa ni Kilimia kimoja.